Salaita na Historia ya Hatari Mezani

Tarehe 12 Februari 1916, karibu askari 6,000 wa jeshi la Uingereza waliondoka kambini alfajiri kuelekea kilima cha Salaita, mashariki mwa mji wa Taveta. Kilima chenyewe si kirefu. Kinasimama peke yake kwenye nyika tambarare yenye miiba, kando ya njia itokayo Voi, na kwa mwaka mmoja na nusu kilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Taveta ilikuwa imeangukia mikononi mwao tangu Agosti 1914, siku chache tu baada ya vita kutangazwa Ulaya. Polisi wachache waliokuwa kwenye boma la serikali hawakuwa na uwezo wa kuwazuia, wakarudi nyuma.

Ili kuutwaa tena mji huo, Waingereza walijenga reli mpya kutoka Voi kupitia Bura na Maktau hadi Mbuyuni, katika nchi ambayo maji ni adimu kuliko risasi. Kazi hiyo ilikula sehemu kubwa ya mwaka 1915. Mwanzoni mwa 1916 meli zilishusha Mombasa vikosi vipya kutoka Afrika Kusini, vijana wenye ari ambao wengi wao hawakuwahi kupigana kwenye vichaka vya namna ile. Wapelelezi waliripoti kwamba Salaita ina watetezi 300 hivi, na kwamba hawana mizinga. Kwa hesabu hiyo, watu 6,000 dhidi ya 300 ni kazi ya asubuhi moja.

Hesabu ilikuwa na makosa mawili. Kwanza, Meja Georg Kraut alikuwa na watu zaidi ya 1,000 pale na karibu yake, wengi wao askari Waafrika waliofunzwa vizuri, pamoja na bunduki za rashasha, zile walizoziita bombom. Pili, mizinga ya Waingereza ilipiga kilele cha kilima, kumbe mahandaki yalikuwa chini, kwenye mguu wa kilima, yamefunikwa na vichaka. Wavamizi walitembea hadi mbele ya bunduki ambazo hawakujua ziko wapi. Kisha kikosi cha akiba cha Wajerumani kikatokea msituni na kuwashambulia ubavuni. Brigedi ya Afrika Kusini ikarudi nyuma kwa vurugu, ikiwa imepoteza watu zaidi ya 100 kwa kuuawa, kujeruhiwa au kupotea. Kikosi cha 130 cha Wabaluchi kutoka Bara Hindi ndicho kilichosimama imara na kuwafunika wenzao wasimalizwe.

Kila anayependa michezo ya kuigiza wahusika mezani, ile ambayo mwamuzi mmoja husimulia ulimwengu wa kubuni na wenzake huingia humo wakiwa mashujaa, anapaswa kuijua siku hiyo. Swali linalowasumbua waamuzi wa michezo hiyo tangu mwanzo ni hili: hatari iwe kubwa kiasi gani? Ikiwa ndogo, mchezo unachosha. Ikiwa kubwa kupita kiasi, wahusika wanakufa na wachezaji wanaondoka na kinyongo. Wengi wamelitafuta jibu katika idadi: adui wangapi, nguvu kiasi gani, dadu ngapi. Historia ya michezo hii inaonyesha kwamba idadi ni nusu tu ya jibu, na nusu ya pili ni ile iliyokosekana Salaita.

Historia hiyo inaanzia Prussia, katika jeshi lilelile lililokuja kumlea Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki. Mwaka 1812 baroni mmoja, Georg Leopold von Reisswitz, alimwonyesha Mfalme Friedrich Wilhelm III meza ya mchezo wa vita yenye vipande vya ardhi vinavyoweza kupangwa upya. Mwanawe, aliyekuwa afisa wa mizinga, aliuboresha na kuchapisha kanuni zake mwaka 1824. Alihamishia vita kwenye ramani halisi, akaweka kete za vikosi, dadu za kuamua madhara, na majedwali ya kusoma matokeo. Jambo kubwa kuliko yote alilofanya ni kumweka mwamuzi kati ya pande mbili. Wachezaji walimwandikia maagizo, naye akaweka kwenye ramani kete zile tu ambazo upande wa pili ungeweza kuziona. Kikosi kilichojificha nyuma ya kilima hakikuwekwa mezani hadi kionekane.

Hapo ndipo hatari ya mezani ilipoanza kufanana na hatari ya kweli. Katika sataranji au bao kila kitu kiko wazi: kete zote zinaonekana, na anayeshindwa ameshindwa kufikiri. Katika mchezo wa Reisswitz mtu angeweza kufikiri vizuri na bado akaangamia, kwa kuwa hakutuma wapanda farasi kuchungulia nyuma ya kilima. Mkuu wa majeshi ya Prussia wa wakati huo, Jenerali von Müffling, aliuona mchezo huo akauagiza utumike jeshini kote.

Ugumu ukaja na majedwali. Maafisa walilalamika kwamba kanuni ni nyingi na kuhesabu kunachukua muda mrefu kuliko kuamua. Mwaka 1876 Julius von Verdy du Vernois alipendekeza majedwali na dadu viwekwe kando, mwamuzi mwenye uzoefu wa vita aamue mwenyewe kinachotokea. Tangu siku hizo pande mbili zinabishana: wengine wanataka hatari ipimwe kwa kanuni ili mwamuzi asipendelee, wengine wanataka ipimwe kwa akili ya mwamuzi ili mchezo usikwame.

Mchezo huo ulitoka jeshini ukaingia majumbani. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alichapisha kitabu cha kanuni za kupigana kwa wanasesere wa bati na mizinga midogo inayorusha vijiti. Wells alikuwa mpenda amani, na kitabuni alisisitiza kwamba vita vya sakafuni ni bora kuliko vita vyenyewe. Mwaka uliofuata vita vyenyewe vilifika hadi Taveta.

Mwaka 1916, mwaka wa Salaita, mhandisi Mwingereza Frederick Lanchester alichapisha kitabu kuhusu ndege vitani, na ndani yake akaweka hesabu ambayo leo imejificha ndani ya karibu kila mchezo wa mapigano. Alionyesha kwamba pale ambapo kila mpiganaji anaweza kumlenga adui yeyote, nguvu ya kundi haikui sambamba na idadi yake bali kwa idadi iliyozidishwa kwa yenyewe. Watatu dhidi ya mmoja mwenye silaha sawa hawana nguvu mara tatu. Wana nguvu mara tisa, kwa sababu wanapiga mara tatu zaidi huku pigo la adui likigawanyika kati yao. Lakini sharti la hesabu hiyo ni kuonana. Palipo na handaki na kichaka, waliofichwa wanapiga na walio wazi hawajui wapige wapi, na idadi inapoteza maana. Ndiyo maana 6,000 hawakutosha Salaita.

Baada ya kushindwa huko, kamanda mpya wa Waingereza, Jan Smuts, hakurudia njia ileile. Tarehe 8 Machi 1916 alimtuma Jenerali van Deventer azunguke kaskazini kupitia Ziwa Chala, nyuma ya ngome. Kesho yake Wajerumani walikuwa wameshaiacha Salaita bila pigano kubwa. Kilima ni kilekile, watetezi ni walewale, lakini mshambuliaji alikuwa ameuliza swali lingine. Tarehe 11 na 12 Machi mapigano makali yakafuata kwenye vilima vya Latema na Reata, magharibi mwa Taveta. Askari wa King's African Rifles, wa Rhodesia na wa Afrika Kusini walipanda usiku, wakasukumwa chini, wakapanda tena. Luteni Kanali Graham, kamanda wa kikosi hicho cha King's African Rifles, aliuawa hapo. Wachache waling'ang'ania juu ya ukingo hadi asubuhi, na kulipokucha Kraut alikuwa ameondoka. Njia yake ya kurudi nyuma ilikuwa hatarini, naye hakuona sababu ya kupoteza watu kwa ajili ya vilima viwili.

Uamuzi huo ulitokana na hesabu ya mkuu wake. Mnamo Januari 1915 Lettow-Vorbeck alikuwa ameshinda Jasin, karibu na Vanga, lakini ushindi ulimgharimu maafisa na risasi nyingi ambazo hakuwa na pa kuzipata tena. Baadaye aliandika kwamba alijiona anaweza kumudu mapigano ya aina hiyo mara tatu tu zaidi. Tangu hapo alikwepa vita vikubwa na kulinda alichobaki nacho, na hakusalimu amri hadi Novemba 1918, huko Abercorn, Zambia ya leo. Alitambua kwamba ugumu wa safari haumo katika pigano moja moja bali katika jumla yake.

Waliokuja kuyageuza mambo haya kuwa kanuni za mchezo wa mashujaa walikuwa vijana wa Marekani. David Wesely, mwanafunzi wa Minnesota katika miaka ya 1960, alikuta kitabu cha zamani cha michezo ya kijeshi cha Charles Totten, kilichotoka mwaka 1880, ambacho kilimruhusu mchezaji kujaribu jambo lolote na mwamuzi kuamua matokeo. Mwaka 1969 Wesely aliendesha mchezo ambao kila mchezaji alikuwa mtu mmoja katika mji wa kubuni wa Braunstein badala ya kuongoza jeshi. Rafiki yake Dave Arneson akauhamishia mchezo huo kwenye nchi ya ndoto iitwayo Blackmoor, yenye ngome na mahandaki ya chini kwa chini.

Arneson alikutana na tatizo la hatari mara moja. Katika kanuni za vita alizoanza nazo, pigo moja likifika mtu anakufa. Kwa kete inayowakilisha askari ishirini hilo halina neno. Kwa mhusika ambaye mchezaji amempa jina na kumpenda, lilikuwa pigo la moyo. Arneson akachukua wazo kutoka kanuni za mapigano ya meli za vita za chuma, ambamo meli hustahimili mapigo kadhaa kabla ya kuzama, akawapa wahusika wake pointi za uhai. Huo ndio usawazishaji wa kwanza wa hatari katika michezo hii, na lengo lake halikuwa kuondoa kifo. Ulimpa mchezaji muda wa kukiona kifo kinakuja, ili aamue kama anaendelea au anakimbia.

Mwaka 1974 Arneson na Gary Gygax wa Lake Geneva, Wisconsin, walitoa Dungeons & Dragons, vijitabu vitatu ndani ya sanduku, nakala 1,000 kwa mara ya kwanza. Ndani yake hatari ilipangwa kwa ghorofa: kadiri unavyoshuka chini ya ardhi ndivyo viumbe wanavyozidi kutisha na hazina inavyozidi kunona. Mchezaji aliyesimama juu ya ngazi alijua anachokiomba. Tena uzoefu ulitokana zaidi na hazina iliyoletwa nyumbani kuliko na viumbe waliouawa, kwa hiyo aliyelizunguka jitu akaiba dhahabu yake alipata zaidi ya aliyepigana nalo. Toleo la Tom Moldvay la mwaka 1981 likaeleza wazi kanuni nyingine ya thamani: kila kiumbe ana kiwango cha moyo kati ya 2 na 12. Mwenzao wa kwanza akifa, au nusu yao wakianguka, mwamuzi anatupa dadu mbili. Zikizidi kiwango hicho, adui wanakimbia au wanajisalimisha. Kraut aliondoka Latema kwa sababu adui mwenye akili hapigani hadi mtu wake wa mwisho, na mchezo unaosahau hilo unafanya kila pambano liwe la kufa au kupona.

Gygax mwenyewe alijaribu kufika mpaka wa mwisho wa ugumu. Mwaka 1975, kwenye mashindano ya Origins huko Baltimore, aliwapeleka wachezaji kwenye kaburi la mchawi Acererak, mahali palipojaa mitego inayoua bila pigano lolote. Kaburi hilo, lililochapishwa mwaka 1978, lina sifa ya ukatili hadi leo. Hata hivyo lina fumbo refu sakafuni mwanzoni kabisa, linalowaonya wanaosoma kwa makini. Wengi walikufa humo wakiwa wameonywa.

Vizazi vilivyofuata vilitaka kipimo kinachoshikika. Toleo la tatu la mchezo wa Arneson na Gygax, mwaka 2000, lilimpa kila kiumbe kiwango cha changamoto: kiumbe wa kiwango cha 5 anatakiwa kuwala mashujaa wanne wa kiwango cha 5 takriban asilimia 20 ya akiba yao ya uhai, uchawi na dawa. Hiyo ni hesabu ya Jasin iliyoletwa mezani, kwamba kila ushindi una bei na safari nzima ndiyo jaribio. Wengi husahau kwamba kitabu hichohicho cha mwamuzi kilishauri mapambano machache, kama asilimia 5, yawe makubwa kupita uwezo wa wachezaji, ili wasizoee kuamini kwamba kila kinachotokea mbele yao kinaweza kupigwa. Mwaka 2014 toleo la tano liliingiza idadi ya adui waziwazi: ugumu wa adui wawili unazidishwa kwa moja na nusu, wa watatu hadi sita unazidishwa kwa mbili. Ni wazo lile la Lanchester kwa sura nyepesi.

Majedwali haya yana faida, na mwamuzi mchanga asiyapuuze. Yanamkinga na kosa moja kubwa ambalo macho hayalioni. Tuseme kila pambano lina nafasi ndogo tu ya kumuua mhusika, asilimia 5. Inaonekana si kitu. Lakini mhusika hapambani mara moja. Baada ya mapambano 14 nafasi ya kuwa amekufa inapita nusu. Baada ya 20 inafika asilimia 64. Jini la pangoni linahitaji bahati mara moja, shujaa anaihitaji kila usiku.

Hata hivyo jedwali halioni kichaka. Halijui kama wachezaji wamesimama bondeni na wapiga mishale wako juu, wala kama wamedanganywa kuhusu idadi ya adui. Hesabu ya Salaita, kwa jedwali lolote la leo, ingeandikwa kuwa pambano jepesi. Ndiyo maana karibu mwaka 2008 wachezaji wengi walianza kurudia kanuni za miaka ya 1970, wakisema usawa wa kila pambano unaua busara. Walitaka kupeleleza, kuzunguka, kuhonga, kukimbia. Walichokitaka ni njia ya Chala.

Kuna jambo ambalo vita vya Taita Taveta vinafundisha na ambalo vitabu vya kanuni haviwezi kulisema. Mwaka 1915 Waingereza waliwashuku watu wa Kasigau kwamba wanawapa Wajerumani habari. Wakawahamisha kijiji kwa kijiji hadi Malindi, mbali na milima yao, na wengi walifia huko kwa njaa na magonjwa. Waliobaki waliruhusiwa kurudi miaka mingi baadaye. Wapagazi wa Kariakor, waliochukuliwa kutoka kila pembe ya nchi kubeba unga na risasi, walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi na uchovu. Makaburi ya Voi, Maktau na Taveta yanatunza majina ya wanajeshi. Ya wapagazi wengi hayakuandikwa popote. Watu hawa hawakuulizwa kama wanaikubali hatari, hawakuambiwa ukubwa wake, wala hawakuachiwa njia ya kurudi.

Mambo hayo matatu, hiari, taarifa na njia ya kurudi, ndiyo yanayoitenganisha hatari ya mchezo na dhuluma. Mwamuzi anayewatupia wachezaji joka lisiloepukika, lisilotangulizwa na dalili yoyote, kwa sababu hadithi yake inalitaka, amewanyang'anya yote matatu kwa mkupuo. Anayewaonyesha alama za moto kwenye miti, mzee anayewaonya wasipite, mifupa ya waliotangulia, kisha akawaachia mlango wazi nyuma yao, anaweza kuweka joka kubwa apendavyo. Wakifa, wamekufa kwa uamuzi wao, na watalisimulia pambano hilo kwa fahari.

Vijana wa Bomeni, Taveta, au wa Voi wanaotaka kuanza mchezo wao hawahitaji kuazima ngome za Ulaya. Chala, ziwa lililomo ndani ya kreta yenye kuta zilizosimama wima, mpakani na Tanzania, ni shimo la ghorofa nyingi lililo tayari. Weka ukingoni mwa juu viumbe wanaoweza kushindwa na mashujaa wanne. Katikati ya ukuta weka wale wanaoweza kushindwa kwa ujanja tu. Majini weka kile kisichoshindika, na kila anayekikaribia aone ishara tatu kabla hajakifikia: wavuvi waliohama, kelele zinazokatika ghafla, kamba iliyokatwa kwa meno. Adui wapewe kiwango cha moyo, ili baadhi yao wakimbie na wengine wakubali kuzungumza. Hazina izidi kadiri watu wanavyoshuka, na njia ya kupandia isifungwe. Kisha mwamuzi atupe dadu zake mezani, mbele ya macho ya wote, na asibadilishe matokeo.

Mwamuzi akifanya hivyo hatahitaji kumpunguzia mtu yeyote makali. Wachezaji watapima wenyewe, wataogopa panapostahili kuogopwa, na ushindi wao utakuwa mali yao halali.